Jina Moja, Wenyewe Wawili

Mwaka 1984 nilikuwa makamu wa mkuu wa chuo cha ualimu, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwaandikisha wanachuo wapya. Daftari la usajili lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu jeusi, nami nililitunza kama kadhi anavyotunza kitabu chake cha ndoa. Kila mwanachuo alikuwa na mstari wake mmoja: namba, jina, mahali atokako na tarehe ya kuripoti. Mwaka huo walikuja vijana wawili wenye jina moja, jina lao na la baba zao. Sitawataja, maana wote wawili wangali hai, na mmoja wao nina deni lake.

Wa kwanza aliripoti siku ya Jumatatu. Wa pili alifika Alhamisi, kwa sababu basi alilopanda liliharibika njiani. Nilipoona jina lake limekwisha kuandikwa, nilimwagiza aongeze jina la babu yake ili nisije nikawachanganya. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, vyeti vyangu vyote vina majina mawili." Nami nikamwambia, "Aliyewahi kawahi." Akainama, akatia sahihi.

Miaka miwili baadaye kijana yule alihitimu. Cheti chake cha ualimu kilikuwa na majina matatu, cha sekondari kilikuwa na mawili. Ofisi iliyohusika na mshahara wake ikashikilia kwamba hao ni watu wawili. Alifundisha miezi minane bila kulipwa, kisha akaacha kazi, akaenda kujifunza useremala. Habari hizo ziliponifikia, nilifungua majalada ya wale wawili ili nione kosa lilianzia wapi. Msomaji, nilikuta jambo ambalo halijanitoka moyoni. Yule wa kwanza, niliyemwandika majina mawili, cheti chake cha sekondari kilikuwa na majina matatu! Nilimfupisha mimi mwenyewe, kwa haraka ya kalamu. Laiti ningaliviweka vyeti vyote viwili mezani kwa dakika moja, kila mmoja angalipata jina lake, na shule moja isingalipoteza mwalimu.

Kisa hicho nilikizika. Kimefukuliwa mwaka jana, yule seremala alipokuja kunijulia hali baada ya mimi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alifuatana na binti yake, ambaye ndiye anayesimamia biashara yao ya milango, makabati na vitanda. Katika mazungumzo binti akaeleza kwamba alitaka kufungua tovuti kwa jina la baba yake, lakini amekuta jina hilo, likiishia na nukta com, limekwisha kuchukuliwa na mtu wa ng'ambo. Baba yake akacheka. "Si mara yangu ya kwanza," akasema, "kufika mahali nikakuta jina langu limechukuliwa." Alicheka bila kinyongo. Mimi sikuweza kucheka.

Na kwa kuwa ualimu ni ugonjwa usio na dawa, walipoondoka nilianza kusoma. Nilitaka kujua ni nani anayeshika daftari la majina la dunia nzima, na je, watu wawili wanapogombea mstari mmoja, huamuliwa vipi?

Kompyuta hazijuani kwa majina. Hujuana kwa namba. Majina yamewekwa kwa ajili yetu sisi wanadamu, ambao hatuwezi kukariri misururu ya tarakimu. Katika miaka ya 1970, mtandao ulipokuwa bado mchanga, orodha yote ya majina iliwekwa mahali pamoja, katika taasisi ya utafiti huko Menlo Park, California. Ofisi iliyoitunza iliongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler, tangu mwaka 1972. Aliyetaka jina aliiandikia ofisi hiyo au aliipigia simu, jina likaingizwa katika orodha, na wengine wote wakanakili orodha hiyo. Nilipolisoma hilo nilimhurumia kama ndugu. Lilikuwa daftari langu lile lile jeusi, ila la kwake lilikua haraka kuliko mkono wa karani.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, alibuni utaratibu mpya. Badala ya orodha moja, majina yakapangwa kama mti wenye matawi: tawi la biashara likiishia na com, la vyuo edu, la mashirika org, na baadaye kila nchi ikapata tawi lake, kama tz letu na ke la jirani zetu wa Kenya. Kila tawi lina mtunzaji wake wa daftari. Jina la namna hiyo ndilo linaloitwa jina la kikoa. Jina la kwanza kusajiliwa katika tawi la com lilikuwa symbolics.com, tarehe 15 Machi 1985, mali ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Kwa miaka kumi iliyofuata mwombaji hakulipa kitu. Kanuni ilikuwa moja tu, nayo ni ile niliyomtamkia yule kijana: aliyewahi kawahi.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Katika maisha ya kawaida jina moja huweza kuwa na wenyewe wengi bila mtu kudhurika. Iringa pawe na duka la vitabu liitwalo Upendo, na Tanga pawe na gereji iitwayo Upendo. Hakuna mteja atakayepeleka gari lake bovu kwenye duka la vitabu. Sheria ya alama za biashara imejengwa juu ya ukweli huo. Hugawa haki kwa aina ya bidhaa na kwa nchi, na kosa inalolitafuta ni kumchanganya mnunuzi, akidhani ananunua kwa huyu kumbe ananunua kwa yule. Lakini upendo.com ni moja tu ulimwenguni. Mti ule wa majina haujui duka wala gereji, Iringa wala Tanga. Wahandisi waliujenga ili kompyuta zipatane. Mahali pa watu wawili wenye haki sawa hawakupaacha.

Tena waliokuwa wakishika kalamu hawakutaka kuingia katika ugomvi. Machi 1994 Postel aliandika kwamba watu wakigombea jina, kazi ya msajili ni kuwapa pande zote mbili habari za kuweza kuwasiliana, basi. Namwelewa. Karani asiyeuliza hulala vizuri usiku.

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwaka huo huo mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aligundua kwamba mcdonalds.com haijachukuliwa na mtu, akaisajili mwenyewe, kisha akasimulia kisa hicho katika jarida la Wired la Oktoba 1994. Hakutaka utajiri. Mwisho wake kampuni ya McDonald's ilitoa dola 3,500 kwa ajili ya shule moja ya umma huko Brooklyn, iunganishwe na mtandao, naye akaiachia jina lake. Kama mwalimu, siwezi kumlaumu sana.

Waliomfuata hawakuwa na mzaha. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983 tunawakumbuka walanguzi: wale walioficha sukari na sabuni ili wawauzie wenzao kwa bei ya kukomoa. Majina nayo yakapata walanguzi wake. Mashuhuri kati yao ni Dennis Toeppen wa Illinois, aliyesajili majina zaidi ya 100 ya kampuni za watu. Mwaka 1995 alichukua panavision.com, jina la kampuni inayotengeneza kamera za sinema, akaweka humo picha za mji mdogo uitwao Pana, ili ionekane kwamba ana sababu ya kulitumia. Kisha akaiandikia kampuni akitaka dola 13,000. Kampuni ilipokataa, akasajili na jina la kamera yao nyingine. Mahakama ya rufaa ilimwona na hatia mwaka 1998. Ilisema kwamba kuyanyakua majina ya watu kwa nia ya kuwauzia wenyewe ni kuyatumia kibiashara, hata kama kwenye tovuti hakuuzwi kitu.

Msomaji anaweza kudhani dawa ni rahisi: mpe jina mwenye cheti cha alama ya biashara. Dawa hiyo ilijaribiwa. Julai 1995 kampuni ya Network Solutions, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisajili majina ya com, iliweka kanuni kwamba mwenye cheti cha alama ya biashara akilalamika, aliyesajili jina lile lile baada ya alama hiyo angeweza kusimamishiwa matumizi yake, bila mahakama kusema neno. Kalamu iliyokuwa ikimpendelea aliyewahi ikageuka, ikampendelea mwenye wakili. Mwaka 1998 mtoto wa miaka 12 huko Pennsylvania, ambaye kwao alizoea kuitwa Pokey, alijikuta akidaiwa jina pokey.org na kampuni yenye haki za kikaragosi cha farasi kiitwacho hivyo hivyo. Watu wengi walimwandikia mtoto huyo kumtia moyo, na mwishowe kampuni iliyaacha madai yake. Lakini si kila mtoto hupata bahati ya kuhurumiwa na dunia.

Basi palikuwa na kanuni mbili, na zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Ya kwanza ilitazama tarehe, ya pili ilitazama cheti. Hakuna iliyomtazama mtu na kumwuliza: jina hili umelichukua kwa nini?

Swali hilo liliingia kwenye sheria mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla yake lilikuwa limeundwa shirika lisilo la faida liitwalo ICANN, makao yake California, ili lisimamie majina ya mtandao. Shirika la Haki Miliki Duniani, lililoko Geneva, likatakiwa kukusanya maoni na kupendekeza njia ya kumaliza migogoro hii. Agosti 1999 ICANN ikapitisha kanuni moja kwa majina yote ya com, org na net. Kila anayesajili jina katika matawi hayo hukubali kanuni hiyo ndani ya mkataba wake, ajue asijue. Novemba mwaka huo Marekani nayo ikatunga sheria yake, inayomwezesha hakimu kumtoza mlanguzi fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina.

Kanuni ile ya usuluhishi ina maswali matatu, na mlalamikaji hana budi kushinda yote. La kwanza: je, jina hili ni sawa na alama yako ya biashara, au linafanana nayo kiasi cha kuwachanganya watu? La pili: je, ni kweli kwamba aliye nalo hana haki yoyote nalo wala sababu halali ya kulitumia? La tatu: je, alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya? Akishindwa moja tu, jina hubaki lilipo.

Mambo yote huendeshwa kwa maandishi. Aghalabu hakuna anayesafiri wala kusimama kizimbani. Anayelalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Msuluhishi ni mmoja, au watatu upande mmojawapo ukitaka. Geneva hutoza dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja na dola 4,000 kwa watatu, pale majina yanayogombewa yasipozidi matano. Wasuluhishi hawatozi fidia wala hawafungi mtu. Wanaweza kuhamisha jina, kulifuta, au kuliacha kwa aliye nalo. Aliyeshindwa ana siku kumi za kazi za kwenda mahakamani kabla uamuzi haujatekelezwa. Na mlalamikaji mkubwa akionekana amekuja kwa hila ili kumpora mdogo, huandikwa wazi katika uamuzi kwamba amejaribu kunyang'anya.

Shauri la kwanza lilifunguliwa Geneva Desemba 1999. Mtu mmoja wa California alikuwa amesajili jina la shirika la mieleka, World Wrestling Federation, na siku tatu baadaye akataka kuliuzia shirika lenyewe kwa dola 1,000. Uamuzi ulitolewa tarehe 14 Januari 2000: jina lihamishwe. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuja Julai mwaka huo, mwanamuziki Sting alipodai sting.com. Aliyekuwa nalo alisema amekuwa akijiita hivyo katika michezo ya kompyuta. Msuluhishi akasema kwamba neno lenyewe ni la kawaida katika Kiingereza, lenye maana ya mchomo kama wa nyuki, na kwamba nia mbaya haikuthibitishwa. Sting, pamoja na umaarufu wake wote, akaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kanuni hii.

Hata hivyo, nisiisifu kupita kiasi. Mlalamikaji ndiye anayelipa na ndiye anayechagua kituo cha usuluhishi, na sehemu kubwa sana ya mashauri humalizika kwa ushindi wake. Wengi wanaolalamikiwa ni walanguzi kweli, lakini wengi pia hawajibu kabisa. Shauri huendeshwa kwa lugha ya mkataba wa usajili, isipokuwa ikiamuliwa vinginevyo, na lugha hiyo kwa kawaida si Kiswahili. Fundi wa Kahama aletewe barua ya kurasa thelathini ya Kiingereza cha mawakili, na siku 20 za kuijibu: je, kunyamaza kwake ni kukiri? Mwaka 2023 Geneva peke yake ilipokea mashauri zaidi ya 6,000. Sijui ni wangapi humo walionyamaza kwa hatia, na wangapi walionyamaza kama alivyonyamaza yule kijana wangu, akainama na kutia sahihi.

Aliyekataa kunyamaza alikuwa Uzi Nissan, mfanyabiashara mdogo wa North Carolina. Nissan ni jina la ukoo wake, na kwa Kiebrania ni jina la mwezi. Alianza kulitumia katika biashara mwaka 1980, wakati magari ya kampuni ya Kijapani yalipokuwa bado yakiuzwa Marekani kwa jina la Datsun, kama sisi wazee tunavyokumbuka. Mwaka 1994 alisajili nissan.com kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta. Desemba 1999 kampuni ya magari ilimshitaki, ikidai dola milioni 10. Shauri halikwenda Geneva, lilikwenda mahakamani, likapanda hadi mahakama ya rufaa iliyotoa uamuzi wake mwaka 2004, na bado likaendelea. Jina lilibaki mikononi mwake, lakini kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi ya maisha yake. Alifariki mwaka 2020. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Yeye hakumpisha, maana ungempishaje mtu katika jina la baba yako?

Seremala na binti yake walipokuja tena, niliweka karatasi mezani na kuandika yale maswali matatu. Tukaifungua ile tovuti kwenye simu ya binti. Aliye na jina hilo ni mpiga picha, na jina ni lake mwenyewe, la kuzaliwa. Anauza picha zake, wala hajataka kumwuzia mtu jina. Swali la pili likatushinda papo hapo, na la tatu halikuwa na haja ya kuulizwa. Nikawaeleza kwamba hapa hakuna kesi. Yule bwana hakuwaibia kitu. Aliwahi tu, na anacho kilicho chake.

Nikampa binti ushauri ambao naweza kumpa msomaji yeyote. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea, maana jina ni la aliyeandikwa. Ada yake ilipwe kwa wakati kila mwaka, maana jina lililoachwa huokotwa. Na kama biashara imekomaa, alama yake isajiliwe BRELA, ili siku ya swali la kwanza uwe na cha kuweka mezani.

Binti akafikiri kidogo, kisha akasema atasajili katika tawi la tz, na ili jina lao lisichanganywe na la yule mpiga picha, ataongeza jina la babu yake. Nilihisi damu ikinipanda usoni. Nikamtazama baba yake, nikaanza kusema neno ambalo nilipaswa kulisema mwaka 1986. Hakuningojea nimalize. Aliichukua ile karatasi yenye maswali matatu, akaisoma polepole akiwa ameisogeza mbali na macho, kama tunavyosoma sisi wazee, kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Safari hii tumeuliza kwanza."